Blanketi la Ishimwe

Watu tisa, mablanketi mawili. Capitoline alishazoea kuwapanga: mama mkwe na wasichana wawili chini ya blanketi la kijivu, wavulana watatu chini ya lile lililotobolewa na moto, na yeye, mtoto mchanga na mume, siku ambazo mume yupo, chini ya khanga na magunia ya unga. Asubuhi hiyo ya Juni upepo wa mlimani ulipenya kwenye nyufa za ukuta, na mtoto hakulia. Alikoroma tu kifuani.

Ishimwe naye alianza hivyo hivyo. Alikuwa na miaka miwili, na walimzika Aprili. Hawakwenda kuandikisha kifo. Ofisi ya kambi ya wakimbizi ilikuwa hodari wa kukata mgao wa chakula siku ile ile, lakini kuongeza mtu ilichukua miezi.

Kipaza sauti kikapita kikitangaza mablanketi: watoto wa chini ya miaka mitano tu, na kila mtoto aonekane kwa macho.

"Huendi," alisema mama mkwe, Regina. "Mzazi hatoki kabla ya siku ya nane, mukazana, mke wa mwanangu. Na mtoto hata jina hana."

"Siku ya nane itamkuta, mama?"

Regina alivuta khanga. Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa mkwewe kwa mikono yake mwenyewe.

Jina ni kazi ya baba, na Térence alikuwa bandarini Kibirizi akibeba magunia ya dagaa bila kibali cha kutoka kambini. Capitoline akapanga foleni, damu ya uzazi bado inamtoka. Saa sita ndipo alipofika mezani kwa Pastory, karani, aliyevaa koti zito mpaka shingoni.

"Huyo wa mgongoni hayumo kwenye kadi."

"Ana siku tano, bwana. Anakohoa."

"Wapya ni Septemba."

"Septemba baridi imekwisha!"

"Basi hatalihitaji." Pastory alicheka peke yake, akapitisha kalamu kwenye kadi. "Hapa mwenye haki ni mmoja. Ishimwe, miaka miwili. Yuko wapi Ishimwe?"

Capitoline aliitazama kadi. Akisema ukweli, kichwa kinafutwa kwenye kadi na blanketi linakwenda. Alimtoa mtoto mgongoni, akamlaza juu ya meza, katikati ya mihuri.

"Ndiye huyu."

Pastory akafunua khanga, akatazama kile kiumbe chenye kitovu kibichi.

"Miaka miwili?"

"Ego, bwana. Kwa chakula mnachotupa, ndivyo wanavyokua."

Nyuma yake foleni iliguna. Pastory aligonga muhuri kwa hasira, akamtupia blanketi.

"Nitapita kukagua. Nikisikia anaitwa jina jingine, nafuta kadi nzima. Wote tisa mtakula mawe."

Usiku huo, chini ya blanketi jipya, mtoto alipata joto, na alfajiri akalia kwa sauti. Capitoline naye akalia, asijue kama ni kwa furaha au kwa aibu.

Siku ya nane Térence alirudi na dagaa kidogo kwenye karatasi. Regina alishatandika mkeka, watoto wamekaa kimya. Térence akampakata mwanawe, uso umemchangamka.

"Wiki nzima chini ya magunia nilikuwa natafuta jina. Nimelipata."

"Usiliseme," alisema Capitoline, akamweleza yote, hadi tishio la karani.

Térence alisikiliza bila kuinua macho. Arakaza, kijana wao mkubwa, aliyemchimbia mdogo wake kaburi kwa jembe la kuazima, aliinuka akatoka nje.

"Ishimwe tulimzika," Térence alisema.

"Tulimzika. Lakini blanketi ni lake."

Térence akainama. Alilitamka lile jina mara moja tu, sikioni mwa mtoto, taratibu, hata mkewe asilisikie. Kisha akainua kichwa, na mbele ya watoto wake waliobaki ndani akamwita Ishimwe.