Mteja wa Jumanne

Katika duka letu la ushonaji, mkasi haukugusa kitambaa siku ya Jumanne. Dada alinifundisha hivyo nilipoanza kukalia cherehani, na mimi, mjinga wa kuaminika, nikaishika sheria hiyo miaka ishirini na miwili. Nguo iliyokatwa Jumanne, alisema, humzika mwenyewe kabla haijachuja. Bibi yetu alimkatia jirani gauni siku hiyo, na wiki haikwisha jirani akazikwa.

Fundi suti wa mlango wa pili alitucheka mpaka siku alipokata suti ya harusi Jumanne, na bibi harusi akaghairi Ijumaa. Suti yenyewe ilikuwa mbaya, niliiona kwa macho yangu, lakini nani alaumu suti wakati siku ya kulaumu ipo? Tangu hapo mtaa mzima Jumanne ni vifungo, mapindo na umbea.

Kwa kuwa hakukuwa na kukata, Dada aliitumia siku hiyo kupeleka oda na kupima wateja wasioweza kufika dukani. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima niliyemjua kwa vipimo tu. Dada hurudi na namba, Jumatano nakata. Mwanzo kifua kilikuwa inchi arobaini na nne, miaka ikapita kikawa arobaini, kisha thelathini na sita. Bega la kushoto lilianza kushuka, nikajifunza kulificha kwa pedi. Nilimpenda mteja huyo, hakuwahi kurudisha nguo. Nilikuwa namtilia mfuko wa ndani bila kuombwa, maana wazee hupenda pa kuweka leso.

Mwezi uliopita Dada aliteguka mguu, akakosa Jumanne mbili. Ya tatu, akaingia dukani mwanamke nisiyemjua, gauni mkononi.

"Samahani, fundi. Nimefuata hii lebo ya shingoni. Mimi ni jirani wa mama yenu."

"Mama yetu yupi?"

Mama aliondoka nikiwa na miaka minne. Baba, mpaka anakufa, alisema amekwenda zake na hataki kutuona.

"Macho yake yamekwisha, na hali yenyewe si nzuri. Anauliza Mkubwa kapatwa na nini, siku hizi hatokei." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kumbe wewe ndiye Mdogo. Yule aliyekataa kuja."

Nikaenda chumba cha nyuma, Dada amelala, mguu juu ya mto. Sikumpa hata pole.

"Mama yuko hai?"

Hakuruka wala hakukana, na hilo liliniuma zaidi. "Nilitaka kukuambia Baba alipokufa," akasema. "Nikaona nimeshachelewa."

"Na mimi ndiye niliyekataa kwenda?"

"Alikuwa anakuuliza kila mara. Ilibidi niseme kitu." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Baba alikuwa wako, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyekuwa unapakatwa. Nilitaka mmoja awe wangu, nisigawane na mtu."

"Na Bibi na gauni lake?"

"Ulikuwa unanifuata kila niendapo. Ningekubakishaje dukani?"

Nilimchukia. Miaka yote hiyo nilimshonea mama yangu kama mtu baki, huku nikimlindia Dada mlango. Nikanyakua mkasi na kitambaa cha gauni jipya la Mama kilichokuwa rafuni.

"Usikate!" Dada akapiga kelele, akataka kusimama kwa mguu ule mbovu. "Leo Jumanne! Utamuua Mama!"

Hakuwa akiigiza. Yeye aliyeutunga uongo ndiye aliyeuamini kuliko sisi sote. Nikauweka mkasi chini bila kukata, nikamwekea kopo la vifungo kitandani. "Leo zamu yako kubaki," nikamwambia, nikatoka na yule jirani.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni nililomshonea, la maua madogo. Aliposikia mlango akanyoosha mikono. Nikapiga magoti, nikamkumbatia, na mikono yangu ikamjua inchi kwa inchi, mpaka lile bega.

"Mkubwa," akasema, "umenitia wasiwasi, mwanangu."

"Si Mkubwa, Mama. Ni mimi, Mdogo."

Akacheka kidogo, akanipapasa kichwa. "Usinitanie. Leo Jumanne, nani mwingine aje?"

"Ni yeye kweli, mama," jirani akasema.

"Na wewe amekufundisha? Mnanionea huruma tu."

Nikarudia, nikaapa. Ningekuja Jumatano, labda angeuliza ni nani. Lakini Jumanne ilikuwa na mwenyewe, na sauti zetu zimefanana mno. Nilipoanza kulia, Mama akatia mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa leso, akanifuta uso taratibu.

"Usimkasirikie mdogo wako," akaniambia. "Iko siku atakuja."