Nguzo za Sitiveni

Mume wangu Sitiveni alimwaga zege la nguzo za ukumbi wa kujikinga na kimbunga, hapa kisiwani kwetu Vava'u, kisha akafa siku chache baadaye. Aliniachia mitungi sita ya zege hilo hilo, sampuli za kupimwa nguvu. Kazi yangu ilikuwa kuimwagia maji kila siku ili zege likomae, mpaka siku ya ishirini na nane.

Mpimaji ni Lupeni, mtoto wa kaka yangu. Alikuja na karatasi, akakaa chini, nje ya mkeka wangu, kama inavyompasa.

"Shangazi, wastani wa nguvu ni ishirini na tatu. Ramani inataka ishirini na tano."

"Basi zimeshindwa."

"Sijasema hivyo. Mitungi sita si ukumbi mzima. Nakadiria wastani wa kweli uko kati ya kumi na tisa na ishirini na saba. Na kwa makadirio ya namna hii, katika mia, matano hukosea."

"Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie hujui?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba Jumapili zote nne sikuimwagia maji. Jumapili kwetu hata kuni hazipasuliwi. Mitungi ilikauka juani.

"Kosa ni langu, mwanangu. Nguzo hazina neno."

Ndivyo nilivyokuwa nimemwomba Mungu: kosa liwe langu, jina la Sitiveni lisiguswe.

"Basi mitungi haitufai," akasema. "Tutatoboa nguzo zenyewe."

Jumanne fundi Mosese akaleta mashine, akatoa vipande kumi na viwili vya kupimwa.

"Taratibu, Mosese!" walimtania akina mama waliobeba ndoo za zege siku ile. "Utatugeuzia nguzo filimbi ya kupuliza kwa pua, matundu matupu!"

"Nyamazeni nyie! Si nyie mliompigia kelele Sitiveni Jumamosi ile aongeze maji, zege lishuke upesi, Jumapili isiwakute na ndoo? Likawa uji!"

Aliponiona nimesimama pale, akainamia mashine yake.

Alhamisi Lupeni akarudi. "Wastani wa kweli uko kati ya ishirini na ishirini na tatu, shangazi."

"Ishirini na tano haimo."

"Haimo."

Akaikunja karatasi, akangoja. Kwetu shangazi hapingwi. Ningesema iache, angeiacha. Nilijitafuta moyoni nisione huzuni wala aibu. Nilijua tu kwamba kimbunga kikija, watu mia tatu watalala chini ya paa lile.

"Bomoeni," nikasema.

Aliyelia ni yeye. Mimi nikamuuliza kama ameshakula.