Bakuli la Gavana

Ilipofika saa sita kasorobo mchana, ukumbi wa wazima moto wa mji wa Pell ulikuwa umejaa watu, na mabakuli ishirini na tisa juu ya meza ndefu yalikuwa yamekwanguliwa hadi chini. La thelathini lilikuwa zima. Viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, jibini juu linang'aa, kijiko kimesimama katikati na hakuna aliyekigusa.

Lempi Koskela, bibi wa miaka sabini na minane, mkuu wa akina mama wa chama katika wilaya nzima, alilipita kwa mara ya tatu. Akalisogeza kidogo hadi taa ilipolimulika vizuri, kisha akarudi jikoni na uso wa mtu aliyetoka kusali.

"Nimekuona," akasema Arlys, shoga yake tangu shule ya msingi, huku akikausha vikombe.

"Umeona nini? Nimefuta meza."

"Umefuta kwa kiwiko."

Watu wa Pell ni wapole. Hawazomei mtu wala hawarushi mayai. Kwenye chakula cha kuchangia kila mtu huja na bakuli lake, jina limebandikwa chini kwa seloteipu, na wakimaliza kila mtu huondoka na lake. Wasiyemtaka humwachia chakula chake kama alivyokileta. Hapo hakuna neno lililosemwa, na mji mzima umesikia.

Lile zima lilikuwa limetumwa asubuhi na Gavana Dale Brannigan, mtu wa chama chao wenyewe. Miaka miwili iliyopita daraja la Pell lilifungwa kwa sababu ya nyufa. Runinga ilipomuuliza watu wavuke vipi, alicheka akajibu, "Si wazunguke tu, mandhari ni nzuri." Tangu siku hiyo jibu lile halijatoka midomoni mwa watu.

Lempi hakuliona la kuchekesha. Mumewe Toivo husafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya ng'ambo ya mto. Zamani ilikuwa dakika ishirini. Sasa ni saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, na mzee hufika nyumbani amelegea kama shuka iliyotoka kufuliwa, ameitazama misonobari mpaka imemkinaisha. Leo alikuwa ameketi dirishani na nusu kikombe cha kahawa, kwa sababu figo haziruhusu kikombe kizima.

Na mwezi huu, Lempi alipogonga milango kumwombea kura Seneta Marian Tolliver, mgombea urais wa chama, majibu yalikuwa yale yale. "Mama yule tunampenda, Lempi. Lakini chama cha Brannigan? Mwambie azunguke." Miaka minne iliyopita chama kilishinda jimbo zima kwa tofauti ya kura za watu wanaotosha ndani ya uwanja mmoja wa mpira. Wakiipoteza Pell na wilaya tatu za mtoni, jimbo limekwenda, na urais nao.

Leo Seneta alikuwa anakuja. Na kwenye jukwaa kulikuwa na viti viwili, chake na cha Gavana.

Kijana wa kampeni, Preston, viatu vyake vikiwa havijawahi kukutana na tope, akaingia jikoni mbio.

"Bibi, lile bakuli! Seneta yuko nje na wapiga picha. Chota nusu, mwaga kwenye pipa."

"Nimwage chakula?"

"Kionekane kimeliwa!"

"Mwanangu, mimi nimelelewa na watu waliokula magome ya miti wakati wa njaa. Chakula simwagi."

Preston akanyakua mwiko. Lempi akaunyakua kutoka mkononi mwake kabla hajapiga hatua.

"Nikimpigia mwenyekiti simu," kijana akasema, masikio yamemwiva, "kesho akina mama wana mkuu mwingine."

Lempi akafungua kamba za aproni, akaikunja vizuri, akamwekea mkononi.

"Mpe na hii. Mwambie kwenye masinki kuna masufuria tisa yanamsubiri."

Arlys alilazimika kugeukia ukutani kuficha kicheko.

Huko ukumbini Seneta alikuwa ameshaingia. Gavana alimfuata nyuma, akipungia watu walioshika vikombe kwa mikono miwili ili wasimpungie. Seneta akachukua sahani, akaanza upande wa kushoto kama kila mtu. Bakuli tupu, bakuli tupu, bakuli tupu. Akafika kwenye lile zima, akasimama.

Yeye ni mtoto wa mchungaji wa mji mdogo, desturi hii anaijua. Hakuuliza kitu. Aliliinua bakuli kwa mikono miwili, akachungulia chini, akasoma seloteipu. Akainua macho kuelekea jikoni.

"Nani mkuu wa jikoni hapa?"

"Nilikuwa mimi," Lempi akasema kutoka mlangoni. "Nimefukuzwa dakika mbili hivi zilizopita."

"Basi unaweza kusema ukweli. Hili bakuli ni kura ngapi, mama?"

"Hawa unaowaona ni watu wako, Seneta. Wamekuja kukuona wewe na wamekula kila kitu. Hiki ndicho kilichowashinda. Ukipanda pale juu naye, hutashuka peke yako. Utashuka na daraja letu mgongoni."

Gavana akacheka kidogo. "Watu hawana njaa tu, Marian."

"Daraja lini, Dale?"

"Bajeti ya mwaka kesho, tukijaliwa, tutaangalia uwezekano…"

Toivo akakohoa dirishani. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko jibu.

Seneta akamgeukia Lempi. "Siwezi kukuahidi daraja, mama. Si langu."

"Sijakuomba daraja. Hilo nitamdai Gavana mwenyewe, nami najua anapokaa. Nimekuomba usipande naye."

Seneta akaiweka sahani chini. Akatembea hadi jukwaani, akachukua kiti kimoja kati ya viwili, akakishusha mwenyewe na kukiweka kando ya Toivo. Kisha akapanda peke yake.

Makofi yalipigwa hadi vikombe vikatetemeka. Preston, aproni mkononi, hakujua aishike vipi. Lempi akamwondolea shida hiyo, akaifunga kiunoni. Jioni ile ile alikuwa na mitaa minne ya kugonga milango, na safari hii alikuwa na la kusema.

Gavana alibaki mezani na bakuli lake. Kulibeba ilibidi alibebe, desturi ni desturi, na wapiga picha walikuwa wamejaa mlango mkubwa. Akasogea karibu na Lempi, sauti chini.

"Mama, hapa hakuna mlango wa nyuma?"

"Upo, mheshimiwa. Unatoka kule, unapita nyuma ya ghala la kuni, unafuata kijito, unatokea barabarani." Akamfunikia bakuli kwa taulo safi, akalikaza vizuri pembeni. "Zunguka tu. Mandhari ni nzuri."