Mgongo wa Sekunde Nane

Mimi ni mkali, na studio nzima ya katuni hapa Ogikubo inajua. Ukiniletea mchoro wenye kiwiko kilichokaa vibaya nakurudishia palepale, hata kama machozi yanakulengalenga. Ndiyo kazi yangu, kukagua michoro ya wenzangu na kuirekebisha kabla haijatiwa rangi. Kwa hiyo msinionee huruma kwa haya nitakayosimulia. Kumbe ukali wangu wote ulikuwa wa kuwaonea walio chini yangu.

Tulikuwa tunatengeneza filamu ya katuni pamoja na Wamarekani. Hadithi yao, mikono yetu sisi Wajapani. Shujaa ni msichana anayeruka angani na kuinua treni kwa mabega, na katikati ya filamu kaka yake anakufa. Anarudi nyumbani, anakaa mlangoni avue viatu, basi. Kipande hicho alipewa Mwalimu Kuzuhara.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na minne, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Presha ya macho, na daktari alishasema hakuna la kufanya. Alichora pua ikigusa karatasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa na miaka kumi na tisa, sijui kuchora hata kisigino. Sote tulijua hiki ndicho kipande chake cha mwisho, naye alijua, akakichora wiki tatu.

Na alichochora ni mchoro mmoja tu. Mgongo wa yule msichana, ameinama, mkono juu ya kiatu. Maelekezo aliyoandika yalisema mchoro ukae hivyohivyo sekunde nane bila kutikisika, mvua isikike nje.

"Chizuru," aliniambia, "siku mke wangu Fumie alipofariki nilirudi nyumbani nikakaa hivi. Sikulia. Hata kiatu sikuweza kukivua. Usiruhusu mtu akitikise kipande hiki."

"Hakuna atakayekigusa, Mwalimu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akacheka. "Wewe ndiye ninayekuogopa. Nzi akitua mezani kwako utataka umrekebishe mguu."

Kikao na Wamarekani kilikuwa asubuhi, kwao jioni. Kwenye skrini alikuwa Bwana Pruett, mwongozaji wao, mtu mpole tu, sina ugomvi naye. Kilipooneshwa kipande cha Mwalimu alisema picha imeganda, labda ni kompyuta. Mkalimani akamweleza kwamba imekusudiwa. Bwana Pruett akakuna kidevu. Ni nzuri sana, akasema, ila watazamaji wa kwao watadhani filamu imekwama. Je, mabega hayawezi kutetemeka kidogo, na chozi likadondoka juu ya kiatu? Kisha akauliza, na aliuliza kwa moyo safi, kama kuna yeyote anayepinga.

Tulikuwa watu kumi na mmoja mezani, Mwalimu hakuwapo. Kwetu, mgeni akiuliza swali la namna hiyo mbele za watu, unatazama daftari lako. Kule kunyamaza ndiko kukataa. Mwenye akili ataziona nyuso, ataliacha jambo lipite, na baadaye mtu atamfuata pembeni wayamalize. Miaka yote tumeishi hivyo na tunaelewana. Bwana Pruett alitazama vichwa kumi na kimoja vilivyoinama, akasubiri, tena alisubiri sana, akatabasamu, akashukuru kwamba tuko pamoja. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu kabisa. Nikafyata ulimi.

Nilimkimbilia Onodera, msimamizi wetu wa filamu, kwenye ngazi.

"Mwandikie. Mwambie hatukukubali."

"Umechelewa, dada. Ameshawaandikia wakubwa zake kwamba tumekubaliana kwa kauli moja. Nikikataa leo nimemfanya mwongo."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu haoni." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Funika kombe, Chizuru. Tena hayo mabadiliko uyafanye wewe mwenyewe. Nikimpa mwingine ataharibu mistari ya mzee."

Hapo ndipo aliponipata, maana ilikuwa kweli. Nilifanya kwa siku mbili, michoro thelathini na sita. Sijawahi kuchora vizuri namna ile, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu alikuwa meza ya pili kutoka kwangu, anakula tonge lake la wali, akaniuliza leo nachora nini. Nikamwambia treni.

Filamu ilipokamilika tukaoneshwa sisi wafanyakazi kwanza, kama ilivyo desturi, katika ukumbi wa kukodi. Mwalimu alikaa ubavuni kwangu. Kwake skrini ilikuwa mwanga na kivuli tu.

"Niambie kikifika," alisema.

Kikafika, nikamwambia. Akanishika mkono. Mvua ikasikika. Mabega ya yule msichana yakaanza kutetemeka, nami nikawa naomba tu wasiwe wameongeza kwikwi kwenye sauti. Hawakuongeza. Chozi lilipodondoka mtu nyuma yetu akavuta kamasi, kisha mwingine, mwisho nusu ya ukumbi.

Mwalimu akaniinamia sikioni. "Kimetulia?"

"Kimetulia, Mwalimu."

"Hakijatikisika?"

"Hata kidogo."

Akatega sikio kwa wale waliokuwa wanalia. Uso ukamfunguka, nikaona haya hata kuutazama. "Unawasikia?" akanong'ona. "Mgongo tu. Hakuna chozi hata moja, nao wanalia."

Taa zilipowashwa alisimama, akapapasa kiti cha mbele, akanigeukia, akainama chini kabisa. Mwalimu kumwinamia mwanafunzi wake namna ile, kwetu hakufanyiki. Wote waliokuwa kwenye kile kikao walikuwa wanatutazama, Onodera akiwa mmoja wao.

"Onodera ameniambia," Mwalimu akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kwamba Wamarekani walitaka kukibadilisha, ukasimama peke yako kikaoni ukawakatalia. Sina cha kukulipa, Chizuru."

Wenzangu wakatazama sakafu. Hakuna aliyefungua mdomo, na safari hii nilijua kimya chao si cha kukataa. Nikainama na mimi, chini kuliko yeye, kama adabu inavyotaka, nikamwambia ulikuwa wajibu wangu.