Vyumba Ndani ya Shina

Mtunza mimea wa nyumba ya vioo ya chuo alibandikwa jina la Mama Safi, na lilimkaa. Miaka kumi na tisa hakuna mdudu aliyetia mguu humo akatoka salama. Basi ilipoletwa miche miwili ya ajabu, mashina yamevimba kama viazi, yana matundu matundu na sisimizi tele, hakuuliza. Aliizamisha kwenye maji ya sabuni kutwa nzima, sisimizi wakaelea, akawamwaga huku akijisifu.

Mwezi haukuisha, mche mmoja ukafa na wa pili ukaanza kunyauka. Mkuu wa bustani akasema Ijumaa utatupwa, naye atamwandikia mtumaji kwamba alileta mimea mibovu. Mama Safi akaitikia, lakini roho haikutulia. Akaupasua ule uliokufa kwa kisu.

Lahaula! Ndani mlikuwa na nyumba nzima, yenye korido na vyumba. Vingine vina kuta laini, vya kulala hivi. Vingine vina kuta za vipele, na kwenye vipele limeganda tope jeusi la mabawa ya nzi na uchafu wa sisimizi. Akainama mpaka pua ikagusa.

"Shemeji, njoo uone," alimwita mlinzi wa lango, mdogo wa mumewe. "Kumbe mche ulikuwa unakula taka zao."

Mlinzi akachungulia. "Kwa hiyo umefukuza wapangaji na wapishi kwa mpigo mmoja?"

"Nimewaua, shemeji. Tusifichane."

Akaubeba mche uliobaki hadi ukutani kwa mlinzi, pale sisimizi wanapopita, akapaka asali kwenye tundu, akakaa kwenye stuli. Chakula cha mchana alikisahau. Siku mbili walilamba wakaenda zao. Alhamisi mmoja akaja na mguu wa nzi, akaingia nao, akatoka mikono mitupu. Baadaye ukaja msururu umebeba mayai. Mama Safi alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

Kusema ukweli kulikuwa kujipalia makaa, na kazi aliipenda. Akaenda hivyo hivyo.

"Mkuu, barua hiyo usiipeleke. Miche ilikuja mizima. Uliokufa niliuua mimi."

Mkuu akaiweka barua kando. "Na huo mwingine?"

"Huo umeshapata wenyewe. Naomba niurudishe kwenye vioo."

"Pamoja na sisimizi?"

"Wao kwanza," alisema Mama Safi.