Mtu wa Kambini

Ukimwuliza Mwalimu Nikodemo wa Mvumi habari za Legioni ya Tatu ya Warumi, ujue umejitakia. Atakueleza ilivyoundwa, ilivyohamishwa kambi hata kambi huko Afrika ya Kaskazini, na chai yako itapoa. Aliwapenda zaidi askari wake waliozaliwa humo humo jeshini. Mahali pa kuandika kwao ni wapi, waliandikiwa "kambini".

Naye alikuwa wa namna hiyo. Alizaliwa Tabora, katika laini, nyumba za askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Baba yake aliokotwa na jeshi akiwa mtoto, enzi za vita vya Mjerumani, wala hakukujua kwao. Mama alifariki mapema. Mpaka leo, Nikodemo akisikia tarumbeta, hukumbuka harufu ya maharage ya laini na akina mama wakigombania bomba la maji, na roho humuuma kwa hamu.

Sasa alimtaka Loisi, binti wa Mzee Matonya. Lakini Wagogo hawatoi binti hivi hivi; sharti mchumba ataje mlango wake, yaani ukoo: wazee walitoka wapi, wakapita wapi, wakatua wapi.

"Sema wewe Mnyamwezi, yaishe," alimshauri Bartolomayo, mshenga wake.

Nikodemo akakataa katakata.

Siku ilipofika, Mzee Matonya akauliza, "Mlango wenu upi, mwalimu?"

"Mlango wetu ni kikosi cha Keya, mzee. Tulianzia Tabora, tukahamia Moshi, tukapigana Uhabeshi, tukavuka bahari mpaka Burma. Wengi wetu wamelala huko. Baba yangu yumo."

Bartolomayo akainamisha kichwa kwa aibu. Mzee akauliza ni kikosi cha ngapi, akatajiwa.

"Mwanangu Ndahani alikuwa humo humo," akasema. "Hakurudi. Basi wewe na Loisi ni mlango mmoja. Siwezi kumwoza dada kwa kaka yake."

 Maisha yake yote Nikodemo alitamani mtu amwambie, wewe ni wetu. Leo kaambiwa, na Loisi anamponyoka.

Ndipo mama yake Loisi akatoka ndani, machozi yakimtiririka.

"Matonya, acha hayo! Kikosi si damu. Ndahani hakurudi. Huyu karudi. Unamfukuza?"

Mzee akanyanyuka. Akaleta kigoda ambacho hakikukaliwa na mtu tangu vita, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa, mkwe," akasema.