Kimti cha Dirishani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla mke wangu hajanitangulia, maana yeye hulisema vizuri zaidi.

Mimi ni kinyozi. Dunia imeninyoa mara nyingi bila maji, ndipo nikajifunza kunyoa wenzangu kwa upole. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba, na kati ya mlango wangu na dirisha la chumba anachoshonea mke wangu pana kimti alichokipanda mwenyewe. Mvua au jua, kibichi tu, majani yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Lakini ua nilikuwa sijapata kuliona. Na si kwamba sikukitunza. Kila Jumamosi nilikipitishia mkasi, juu bapa, pembe zimenyooka, kama kichwa cha bwana harusi.

"Huyu naye analipa?" wateja walinitania.

"Huyu shemeji yangu," nawajibu. "Anakula kwangu, anakunywa kwangu, kazi hafanyi."

Basi nikaamua kumtoa shemeji, niweke benchi la wateja. Mke wangu aliniomba nikiache. Alisema ndicho kinachomwezesha kushona kutwa bila kuchoka roho. Nikacheka. Seremala alipoleta benchi, nikachukua jembe.

Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto, kabla hujachimba, njoo ukae kwenye kiti changu."

"Nina kazi."

"Kaa kwanza. Ukishakaa, ukitaka kung'oa, ng'oa."

Nikakaa. Upande ule wa kimti, ulioelekea dirisha, mkasi wangu haukuwahi kufika. Na huko, chini ya majani, kulikuwa na maua. Madogo kama vifungo vya shati la mtoto, meupe ya maziwa, yameinama kana kwamba hayataki kumsumbua mtu. Upepo ulipopita, harufu ikaingia. Nyepesi, ukiivuta kwa pupa huipati. Nikajikuta napumua polepole, kama mteja aliyewekewa taulo la moto usoni.

"Mbona upande wangu hakitoi?" nikauliza.

"Kitatoaje? Tumba likichungulia tu, umeshalinyoa."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini seremala alikuwa mlangoni, benchi begani, masikio wazi, na fundi mbele ya fundi mwenzake hakubali kushindwa upesi.

"Mazuri, sikatai," nikasema. "Ila mpita njia haoni kitu. Uzuri gani huo, mpaka mtu aje akae karibu, atulie, avumilie, ndipo auone?"

Mke wangu akarudisha mguu kwenye cherehani, wala hakuinua macho.

"Kwani wako mimi niliuona kutoka njiani?"